Kamera ya hadubini: anza na slaidi, megapikseli baadaye

Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, umekaa kando ya barabara kuu ya malori yanayotoka Kahama kwenda Nyakanazi na kuvuka Rusumo. Kaskazini kuna dhahabu ya Geita, mashariki kuna Bulyanhulu, na huku na huko kuna maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe, mashamba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe. Eneo la namna hii haliiachi maabara ikalala. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka huja na kikohozi kisichokoma, na vumbi hilo la silika humweka karibu zaidi na kifua kikuu. Mtoto anayeogelea lamboni huleta mkojo wenye damu. Mrina asali aliyekaa katika pori la Kigosi, kwenye mbung'o, akirudi na homa isiyosikia dawa ya malaria, tabibu makini huyakumbuka malale.

Safari za wote hao huishia kwenye tone moja juu ya kipande cha kioo. Mtaalamu wa maabara huchungulia, huandika alichokiona kwenye rejista, kisha slaidi huingia kwenye boksi. Siku hizi limeongezeka swali: kwa nini tusiweke kamera juu ya hadubini hii, wote tuone? Wazo ni zuri na fedha yake hupatikana, mara kutoka mapato ya ndani, mara kutoka mradi. Tatizo huanza dukani, ambako kila sifa ya kamera imefupishwa kuwa namba moja. "Bosi, hii ina megapikseli kumi na nane. Ile ya tano imepitwa na wakati."

Namba hiyo inastahili kuulizwa mwisho, na mara nyingi ile ya tano ndiyo bora.

Tuanze na kazi yenyewe. Kamera haimsaidii msomaji wa slaidi kuona. Jicho lake juu ya hadubini nzuri linaona vizuri kuliko kamera nyingi za bei ya wilayani. Kamera ni ya kumwonyesha mtu mwingine. Mwaka 1877 Robert Koch, aliyekuwa daktari wa wilaya tu katika mji mdogo wa Wollstein, alichapisha picha za kwanza za bakteria zilizopigwa kupitia hadubini. Kabla ya hapo wataalamu walichora kwa mkono, na kila mmoja alichora alichoamini kuwa amekiona, hivyo ugomvi haukuisha. Picha iliwawezesha watu wasiokuwa chumbani kwake kutoa hukumu wenyewe. Miaka mitano baadaye alikitambulisha kidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1906 alifika kwenye Ziwa Viktoria hili letu, akapiga kambi visiwa vya Ssese kuchunguza malale.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mganga mfawidhi anayetaka kamera ni hili: unataka kumwonyesha nani? Wanafunzi walio mazoezini na waliokaa chumba hicho hicho? Daktari bingwa wa hospitali ya Bugando, Mwanza? Au unataka kupima ukubwa wa yai la kichocho na kulihifadhi kwa mafunzo ya mwakani? Kila jibu lina kamera yake, na bei zake hazifanani.

Sasa turudi kwenye megapikseli, maana hapa ndipo fedha ya umma huteketea. Kila lenzi ya chini ya hadubini ina namba mbili ubavuni. Ile ya mia, inayotumia mafuta, kwa kawaida imeandikwa 100/1.25. Ya arobaini ni 40/0.65, ya kumi ni 10/0.25. Namba ya kwanza kila mtu anaijua: ni ukuzaji. Ya pili ndiyo inayotawala, kwa sababu inasema lenzi inaweza kutenganisha vitu vidogo kiasi gani. Mjerumani Ernst Abbe, mtu wa Jena, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1873, na haijaguswa na mwuzaji yeyote tangu hapo. Chukua urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, mikroni 0.55 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ugawanye kwa mara mbili ya namba ile ya pili. Lenzi ya mia inakupa mikroni 0.22, ya arobaini 0.42, ya kumi 1.1. Kitu kilicho kidogo kuliko hapo lenzi hukichanganya na jirani yake, na kamera ya mabilioni haiwezi kukichanganua tena.

Kidudu cha kifua kikuu kina urefu wa mikroni 2 hadi 4, lakini upana wake unakaribia kabisa mpaka huo. Ndiyo maana kinaonekana kama mstari mwembamba mwekundu, na kitaonekana hivyo hivyo kwa megapikseli 5 au 50.

Endelea na hesabu. Ili kamera isipoteze chochote ambacho lenzi imekileta, kila umbo dogo kabisa linahitaji angalau pikseli mbili. Chukua eneo la mstatili linaloenea ndani ya duara unaloliona kwa macho, kwa lenzi ya juu iliyoandikwa 20 kama upana wa uwanja wake, si ukuzaji. Kwenye lenzi ya mia, eneo hilo lote linajazwa na pikseli milioni moja na nusu na kidogo. Kwenye lenzi ya arobaini zinahitajika karibu milioni 3. Kwenye lenzi ya kumi, ile tunayoidharau, ndiyo zinafika milioni 6 na ushee, kwa sababu inaona eneo kubwa. Watu wengi hushangaa hapa: ukuzaji ukipanda, mahitaji ya pikseli yanashuka. Maabara inayonunua kamera kwa ajili ya vimelea vya malaria na makohozi, kazi za lenzi ya mia, inamlipa mwuzaji kwa pikseli ambazo hazina cha kurekodi. Nyongeza kidogo ni busara, kwa kuwa kila pikseli ya kamera ya rangi hupokea rangi moja tu na nyingine hukisiwa na programu. Hata hivyo, megapikseli 5 au 6 zinatosha karibu kila kazi ya hospitali ya wilaya.

Zaidi ya hapo kuna madhara. Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kikiwa na ukubwa ule ule na pikseli zikaongezwa, kila moja inakuwa ndogo na kupokea mwanga kidogo. Chini ya lenzi ya mia mwanga tayari ni haba. Matokeo ni picha yenye chengachenga. Na zipo kamera za bei ya chini ambazo megapikseli zake zimeongezwa na programu: kihisi kina mbili, boksi linasema nane. Mwuzaji aulizwe ukubwa wa kihisi na ukubwa wa pikseli moja kwa mikroni. Asipoujua, huyo anauza boksi.

Sehemu inayowaliza watu zaidi haipo kwenye kamera. Ipo kati ya kamera na hadubini. Kununua kamera kabla ya kukagua tundu itakapokaa ni sawa na kununua trela bila kujua ndoano ya trekta lako. Hadubini nyingi za wilayani zina mirija miwili tu ya kuchungulia. Hazina mrija wa tatu, ule wa kusimamisha kamera juu. Kamera za kuchomeka kwenye mrija wa kuchungulia zipo, nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 23.2, lakini hadubini nyingine zina mrija wa milimita 30 na kamera itachezacheza humo isipowekewa pete. Kisha kuna gharama isiyoandikwa kwenye ankara: ukiichomeka, umemnyang'anya msomaji jicho moja. Slaidi ya makohozi haitangazwi kuwa haina vidudu mpaka msomaji apitie viwanja 100 kwa lenzi ya mia. Jaribu kufanya hivyo kwa jicho moja, tena kwa slaidi ishirini kwa siku, halafu uniambie kichwa kinaumaje.

Kama hadubini ina mrija wa tatu, utakutana na skurubu inayoitwa C-mount, yenye kipenyo cha inchi moja, ambayo ni ya kawaida duniani kote. Humo ndani ya adapta huwa kuna lenzi ya kupunguza picha, na hapo ndipo wengi huanguka. Kihisi kinachouzwa kwa jina la "nusu inchi" hakina nusu inchi popote. Mshazari wake ni milimita 8. Jina ni mazoea yaliyobaki tangu enzi za mirija ya kamera za televisheni. Duara la picha linalotoka kwenye hadubini lina kipenyo cha milimita 18 hadi 20. Ukiweka kihisi hicho moja kwa moja, bila lenzi ya kupunguza, kinanasa sehemu ya kumi tu ya eneo unaloliona kwa macho. Mwanafunzi atakuambia kimelea kipo pale pembeni, na kwenye skrini hakipo. Kwa kihisi cha nusu inchi adapta inayofaa ni ya 0.5x, kwa kihisi kidogo cha theluthi ya inchi ni 0.35x au karibu na hapo. Ukichanganya kihisi kikubwa na adapta ya kihisi kidogo, picha inakuja na pembe nyeusi. Bei ya adapta halisi ya kampuni ya hadubini wakati mwingine inakaribia bei ya kamera yenyewe, na maombi mengi ya manunuzi huisahau. Kamera inafika, adapta haipo, boksi linakaa kabatini hadi mwaka wa fedha unaofuata.

Kwa anayetaka kufundisha waliopo chumbani, ushauri wangu ni mfupi: kamera ya waya wa HDMI, iingie moja kwa moja kwenye televisheni, bila kompyuta. Picha inaenda bila kuchelewa, na hakuna programu ya kusakinisha wala kirusi cha flashi. Televisheni ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, yaani megapikseli 2 na kidogo, hivyo hata ukinunua ile ya 18, darasa litaona 2. Kamera ya kuchomeka kompyuta kwa USB ya zamani, USB 2, hupitisha picha kamili ya megapikseli 5 bila kuibana mara saba au nane kwa sekunde. Kwa slaidi iliyopakwa rangi haidhuru. Kwa tone bichi la damu, ambamo vimelea vya malale vinafurukuta kati ya seli nyekundu, utaona kitu kinachorukaruka kama filamu iliyokatika. Hapo tafuta USB 3.

Malale yanastahili neno zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo hoja nzuri kuliko zote ya kuwa na kamera Bukombe. Ukanda wa Kigosi na Moyowosi ni makazi ya mbung'o wa siku nyingi, na si bahati kwamba kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanganyika kiliwekwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyekiongoza hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Leo ugonjwa umekuwa adimu, na mtaalamu kijana anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukiona kimelea chake kwa macho yake. Atakifahamu vipi siku kikija? Picha tatu nzuri za mgonjwa halisi wa wilaya hiyo hiyo, kutoka slaidi zilizopakwa rangi ya Giemsa ya maabara hiyo hiyo, zinafundisha kuliko mchoro wa kitabu kilichochapishwa ng'ambo.

Je, simu? Wengi wanayo mfukoni na wanauliza swali la haki. Kwanza jaribio la karibu na nyumbani. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya Pemba: walibandika kwa tepu kilenzi cha mviringo cha milimita 3 kwenye kamera ya simu, wakasoma karibu slaidi 200 za choo cha watoto, kisha wakalinganisha na hadubini ya kawaida. Simu iligundua asilimia 81 ya slaidi zenye mayai ya mchango, ambayo ni makubwa na yenye ganda nene. Kwa minyoo ya safura, yenye yai jembamba la kupitisha mwanga, iligundua kama asilimia 14 tu. Simu iliyokuwa peke yake, basi, haikufaa. Lakini simu iliyoshikizwa juu ya lenzi ya kuchungulia ya hadubini nzuri ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa kazi ngumu inafanywa na lenzi za hadubini. Kinachoharibu ni mkono unaotetemeka. Kishikizo cha plastiki kinachokaza simu kwenye mrija hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kamera, na kwa kumtumia daktari bingwa picha moja moja, sioni kwa nini mtu aanze na kitu kingine.

Kuna njia ya tatu, nayo ina mkono wa Kitanzania. Mradi wa OpenFlexure, ulioanzia Uingereza, umebuni hadubini inayochapwa kwa plastiki, yenye mota za kusogeza slaidi na kamera ndogo ya Raspberry Pi ya megapikseli 8. Kampuni ya Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki kuitengeneza na kuijaribu kwa slaidi za malaria, na majina ya Watanzania yamo katika ripoti yake ya kisayansi ya mwaka 2020. Mradi huo ulikutana na jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua: kihisi kilichotengenezwa kwa ajili ya lenzi ya simu, ukiking'oa lenzi hiyo na kukiweka kwenye hadubini, rangi za pembeni zinapauka na kutofautiana na katikati, mpaka programu izisahihishe. Nami nasema hivi: kamera yoyote utakayoletewa, ipigie picha sehemu tupu ya slaidi, isiyo na kitu. Picha hiyo iwe na mwanga na rangi moja kutoka kona hadi kona. Isipokuwa hivyo, usikubali sifa nyingine.

Rangi ndiyo roho ya picha ya maabara. Kiini chekundu na ute wa buluu wa kimelea cha malaria vikigeuka kijivu, daktari wa Mwanza hana cha kuhukumu. Taa ya halojeni ni ya manjano, ya LED ni ya ubuluu, na kamera inayojirekebisha yenyewe hubadili rangi kila slaidi inaposogea. Chagua kamera ambayo rangi yake inaweza kufungwa: unaiweka kwenye sehemu tupu, unabonyeza, inabaki hapo. Na hakuna kamera inayosafisha slaidi iliyopakwa vibaya. Giemsa iliyochanganywa na maji yasiyo na pH 7.2, au tone nene lililokaushwa kwenye moto, litatoka baya kwa ubora wa hali ya juu. Maabara ambayo haijawa na kipima pH kinachofanya kazi ikinunua kamera, imeanza mwisho.

Vumbi la ukanda wa dhahabu halina adabu. Doa likionekana kwenye skrini, sogeza slaidi: doa likisogea, ni la slaidi, likibaki palepale, zungusha kamera kidogo ujue kama limekaa kwenye kamera au chini yake. Umeme ukiyumba, kamera ya USB inakula chaji ya kompyuta mpakato na kuendelea, lakini televisheni inahitaji kilinda umeme. Kuhusu vipimo vya urefu, nunua pamoja na kamera slaidi ya kupimia, yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100. Bila hiyo, namba ya mikroni inayotokea kwenye skrini ni pambo. Programu ya kupimia haina haja ya kununuliwa. ImageJ inapatikana bure na inatosha.

Kuhusu kutuma: picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na maelezo madogo hupotea. Itume kama dokumenti. Jina la mgonjwa lisiwepo, si kwenye picha wala kwenye jina la faili. Namba ya maabara inatosha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haichezi na taarifa za afya. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sampuli ya Ushirombo inafika Mwanza bila kusubiri kivuko, lakini picha bado inafika kabla dereva hajawasha gari. Kinachosafiri haraka kikiwa na makosa, makosa nayo yanafika haraka. Picha imsaidie daktari bingwa kuuliza maswali. Jibu la mgonjwa litoke kwenye slaidi.

Kama ningeulizwa na maabara yenye hadubini moja ya mirija miwili, ningesema: mwaka huu nunueni kishikizo cha simu, slaidi ya kupimia na kipima pH. Mwaka ujao, fedha ikipatikana, nunueni kichwa cha mirija mitatu kinachokubaliana na hadubini yenu, pamoja na adapta yake, kabla ya kamera yoyote. Kamera ije mwisho: megapikseli 5 au 6, kihisi kisichopungua nusu inchi, HDMI na USB 3 kwa pamoja ikiwezekana, rangi za kufungwa kwa mkono. Na katika maelezo ya zabuni muandike sharti moja linalowashinda wababaishaji wengi: mwuzaji aje na kamera, aifunge kwenye hadubini yenu, apige picha slaidi yenu kwa lenzi ya mia na ile ya kumi, mbele ya atakayeitumia. Akikataa, msisaini.